Dakika tatu za barabara ya Bagamoyo

Jumamosi asubuhi familia nyingi za Dar es Salaam huelekea Bagamoyo: harusi, msiba, mahafali, au watoto tu wakaoge baharini. Foleni ya Mwenge ikishapita, na ya Tegeta, na ile ya Bunju, barabara inafunguka. Hapo ndipo baba aliyekuwa akigugumia kwa saa nzima anapokanyaga mafuta. Anafidia muda.

Anafidia muda gani hasa? Tuseme vipande vilivyo wazi hadi Bagamoyo, ukiviunganisha, vinafika kilomita 20. Kwa mwendo wa 80 utavimaliza kwa dakika 15. Kwa mwendo wa 100, dakika 12. Umepata dakika tatu, tena kama hukukutana na tuta, lori la mchanga wala daladala inayoshusha abiria. Ukikutana navyo, na lazima utakutana navyo, unapata pungufu ya hapo. Saa uliyoiacha Tegeta hairudi.

Sasa tuangalie hizo dakika tatu zinanunuliwa kwa bei gani. Chukua magari mawili yanayofanana, breki nzima, lami kavu, madereva wako macho. Moja liko kwenye 80, jingine kwenye 100, na yote mawili yako sambamba mtoto anapoingia barabarani mbele yao. Dereva wa kawaida huchukua kama sekunde moja na nusu tangu kuona hadi breki kushika. Katika muda huo gari la 80 limeshakwenda mita 33, la 100 mita 42. Kisha breki zinafanya kazi. La 80 linasimama baada ya mita kama 68 hivi. La 100, likifika palepale mwenzake aliposimama, bado linakwenda zaidi ya 70 kwa saa.

Rudia kuisoma sentensi hiyo, maana mimi mwenyewe nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Tofauti ya 20 kwenye dashibodi inageuka kuwa tofauti kati ya gari lililosimama na gari linaloua. Sababu ni kwamba nguvu ya mwendo haipandi sambamba na namba ya kwenye mshale. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kuwa mtembea kwa miguu akigongwa kwa 65 badala ya 50, hatari ya kufa inaongezeka mara nne na nusu.

Na barabara hii ina watembea kwa miguu. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo ni makazi ya watu. Kuna shule, kuna magenge ya nyanya hatua chache kutoka kwenye lami, kuna bodaboda zinazochomoza bila kuangalia. Ndiyo maana sheria inasema 50 kwenye makazi. Najua kibao cha 50 kwenye lami nzuri kinaudhi, na trafiki mwenye tochi nyuma ya mwembe anaudhi zaidi, na faini ya Sh30,000 inauma. Mimi pia sipendi utaratibu wa kujificha. Unafundisha watu kuogopa mwembe, na wakishaupita wanakanyaga tena. Lakini kibao chenyewe hakikukosea.

Wapo wanaotaja Ujerumani, ambako sehemu za barabara kuu hazina kikomo cha mwendo. Ni kweli. Barabara hizo hazivukwi na mtu kwa miguu, njia zinazopishana zimetenganishwa kwa vizuizi, na hakuna anayeuza madafu pembeni. Hata huko, mwendo unaopendekezwa ni 130. Hapa jirani, barabara ya juu ya Nairobi iliyoanza kutumika 2022 haina genge wala bodaboda, na kikomo chake ni 80.

Kwa ndani ya gari, nawapa mfano wa mnazi. Mtu akianguka kutoka urefu wa mita 10 anafika chini kwa mwendo wa 50 kwa saa. Mwendo wa 80 ni kama kuanguka kutoka mita 25, mnazi mrefu hasa. Mwendo wa 100 ni karibu mita 39, na mnazi huo sijauona Bagamoyo. Mama aliyempakata mwanawe kiti cha mbele, awe na mikono ya chuma, hawezi kumzuia. Mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake kama mnacho, au afungwe mkanda kama umeshamtosha.

Safari ndefu nitaikubali kidogo. Ukienda Tanga kwa kupitia Msata, ukapata kilomita 200 za wazi, 100 badala ya 80 inakupa nusu saa. Nusu saa ni kitu. Ila hata kuondoka saa kumi na moja alfajiri badala ya saa kumi na moja na nusu kunakupa nusu saa hiyohiyo, na mafuta unayaokoa.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mzazi mwenye mgonjwa. Mtoto amepata degedege usiku, uko Kiromo au Kerege, nani atakuambia uendeshe taratibu? Tuseme hospitali iko kilomita 15. Kwa 80 ni dakika kama 11. Kwa 100 ni dakika tisa. Tofauti ni dakika mbili, gizani, na dereva ni baba anayetetemeka. Muda mwingi zaidi hupotea nyumbani: kumsubiri shangazi aje aone, kutafuta nauli, kujaribu dawa ya jirani, kungoja homa ishuke yenyewe tangu jana mchana.

Kwa hiyo mtoto akianza kutetemeka, mlaze ubavu, legeza nguo, angalia saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu chochote. Ondokeni mara moja. Anayeendesha asiwe ndiye anayemwangalia mtoto. Mtu mzima mwingine akae naye nyuma. Namba ya jirani mwenye gari au bodaboda unayemwamini iwe kwenye simu tangu leo, pamoja na fedha kidogo ya nauli isiyoguswa, hata kama mwezi umekaa vibaya.