Bi Harusi Si Sanduku: Tumfundishe Kusafiri Baharini



Leo hatuji na maneno laini. Sisi ni mafundi cherehani wa Masama, wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Tunawashonea mabibi harusi, na kila msimu wanapita mikononi mwetu wasichana wanaoolewa Unguja na Pemba, au wanaokwenda huko fungate. Wengi wao hawajawahi kupanda boti. Wanafundishwa kupika, kuchoma udi, kuongea na mama mkwe, kumpokea mume. Namna ya kuvuka bahari wafike salama hawafundishwi na mtu yeyote.

Badala yake wanapewa orodha. Mnazijua, zinazunguka kwenye simu zetu zote: madira kumi, mabuibui matano ya mawe, viatu vya kisigino jozi nne, chetezo, manukato, nguo ya kupigia picha kwenye boti, nguo ya kushukia bandarini. Hatujaona orodha hata moja inayoanza na kitambulisho. Hatujaona inayotaja jaketi la kujiokolea, lile ambalo wengi wetu tunaliita boya. Orodha hizi zinafunga sanduku la maonyesho, na msafiri mwenyewe anaachwa hajui lolote. Sisi tunasema ziachwe.

"Ajali haina kinga"

Tukisema hivi, jibu linakuja haraka: "Ajali haina kinga, Mungu ndiye mlinzi." Kwamba Mungu ndiye mlinzi hatubishani. Kwamba ajali haina kinga, tunabisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa meli ya abiria 600 hivi, na ilibeba zaidi ya mara mbili yake. Haikupita hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Na bara nako tumelia: MV Bukoba karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, kilipopinduka kikikaribia Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Msiba ni kadari na tunaupokea. Lakini kujaza chombo kupita kiasi ni kazi ya mikono ya watu. Hata yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kumtegemea Mungu, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi tuulizane: bi harusi wetu tumemfungia nini kabla ya kumkabidhi kwa Mungu?

Kwanza, jina lako

Tunaanza na jina, wala si nguo, maana hapa ndipo wanawake wanapodhulumiwa zaidi.

Msichana wetu anasafirishwa kama mzigo. Tiketi anakata kaka, kitambulisho kiko kwenye begi la shangazi, pesa na simu kashika bwana harusi. Wakati mwingine tiketi ina jina la mtu mwingine kabisa, kwa sababu fulani aliahirisha safari na "tiketi isipotee". Mtoto mchanga ndiye haandikwi kabisa, eti ni wa mapajani.

Spice Islander ilipozama, hesabu ya waliokuwamo ilizua mabishano, kwa kuwa wengi hawakuwamo kwenye orodha. Wanawake wenzangu, fikirini maana yake. Mtu ambaye jina lake halimo hatafutwi kwa jina lake. Mume wake hajui kama ni mjane. Watoto hawajui kama ni mayatima. Na ikiwa aliyepotea ni mume, mke anabaki katikati, hajui aanze eda au aendelee kusubiri. Mirathi inasimama. Yote hayo kwa kuwa mtu alitaka kuokoa nauli moja.

Kwa hiyo dada, tiketi yako iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Isome mwenyewe. Kitambulisho kikae mwilini mwako. Mtoto wako aandikwe hata kama halipi. Na jioni kabla ya safari, mtumie mtu aliyebaki nyumbani ujumbe: jina la boti, saa ya kuondoka, nani mko pamoja. Huo ni ujumbe wa dakika moja.

Pili, nguo ya safari

Hapa tunasema kinyume cha mfuko wetu, maana nguo ya mkia mrefu ndiyo yenye bei. Lakini nguo ya mkia si ya kupandia boti. Ngazi za boti ni za chuma, zinaloa, na nyuma yako kuna watu mia wanaosukumana. Mtu mmoja akikukanyagia mkia huanguki peke yako, unaanguka na aliye mbele.

Nguo ya mawe na mahameli nayo tuiache sandukuni. Kitambaa kizito kikilowa kinaongezeka uzito na kinakulemea. Hivi ndivyo sisi tunavyomshonea msafiri:

- Buibui la kitambaa chepesi, pana vya kutosha hatua, pindo likiishia kwenye kifundo cha mguu, lisiburure.
- Mikono yenye lastiki, ili isining'inie na kunasa kwenye vyuma.
- Suruali pana ya lastiki chini ya buibui, na juu blauzi ya mikono mirefu. Ukilazimika kuliacha buibui majini, bado umejisitiri.
- Hijabu ya kuvuta kichwani isiyo na pini. Pini kumi kichwani ni hatari wakati wa kuvalishwa boya haraka.
- Mfuko mdogo wenye zipu ulioshonwa kwa ndani, wa kitambulisho, pesa na dhahabu. Dhahabu ya mahari haikai kwenye begi linalowekwa na mizigo, wala haivaliwi yote mwilini bandarini.
- Viatu bapa vyenye mkanda nyuma. Kisigino kikae sandukuni.

Kuna wanaosema boya juu ya buibui linachora umbo, na bi harusi asivalishwe mbele za watu. Tunawajibu bila kupepesa: dini yetu haikumtaka mwanamke afe kwa ajili ya kitambaa. Dharura ina hukumu yake. Na ukiandaa nguo yako vizuri, huhitaji hata kuchagua kati ya stara na uhai. Pale Nungwi, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima. Nungwi hiyo hiyo! Kama stara na maji vimepatana kwa binti wa shule, vitashindwaje kwa bi harusi?

Tatu, mabegi mawili yanatosha

Kutoka kwetu ni safari ndefu. Unapanda basi Bomang'ombe au Moshi, unamaliza mchana mzima barabarani, unashukia stendi ya Magufuli pale Mbezi, na bandari bado iko mbali katikati ya jiji. Usipange kuunganisha boti siku hiyo hiyo. Lala Dar es Salaam, asubuhi uende bandarini mapema umetulia. Mwenye mabegi saba hatulii. Anahesabu mabegi, hahesabu watoto.

Begi kubwa moja la nguo. Liandike jina na namba ya simu nje na ndani. Uzito unaoruhusiwa uusome kwenye tiketi kabla ya kufunga, usisubiri kubishana kaunta. Wapagazi wa bandarini wanafanya kazi ya halali, lakini patana nao bei kabla begi halijainuliwa.

Masweta ya Masama yaache Masama. Huku asubuhi tunajikunyata kwa baridi, Unguja mwezi wa pili joto linakata pumzi. Shali moja inatosha, tena ni ya ndani ya boti, maana kiyoyozi cha humo ni kikali. Ndizi za kumpelekea mama mkwe zitie kwenye kikapu. Mifuko ya plastiki usibebe: bara ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar walitutangulia.

Mkoba wa mkononi ndio sanduku lako la kweli. Ndani yake: maji, biskuti kavu, dawa zako unazotumia kila siku, taulo za kike hata kama tarehe bado, nguo moja ya kubadili, khanga, chaja, na nakala ya cheti cha ndoa kwenye bahasha isiyopitisha maji. Khanga usiidharau: ni msala, ni shuka, ni pazia la kunyonyeshea, ni kamba.

Nne, tumbo na manukato

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua kama saa mbili, lakini saa mbili za mawimbi kwa mtu wa mlimani ni kama siku mbili. Upepo wa kusi, katikati ya mwaka, ndio unaochafua bahari. Skagit ilizama mwezi wa saba. Mwenye uwezo wa kuchagua tarehe ya harusi akumbuke hilo. Na mamlaka wakizuia boti kuondoka, usiwe wewe wa kupiga kelele "tumechelewa shughuli". Shughuli inasubiri.

Kula kidogo kabla, chakula kisicho na mafuta. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika. Mjamzito aulize kwanza duka la dawa au kliniki. Kaa katikati ya boti, sehemu ya chini, usisome simu, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Tangawizi inawasaidia wengi.

Na manukato, dada zetu, tunawaomba! Chumba kimefungwa, kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile, na mabibi harusi watatu wamejifukiza udi tangu usiku. Mnawatapisha wenzenu. Jifukize ukifika.

Swala isikutie wasiwasi. Safari hii ni ya kupunguza na kukusanya. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya siku, asianze kubishana na wenzake melini.

Tano, dakika tano za kwanza

Ukikaa tu, kabla ya picha: maboya yako wapi? Ya watoto je? Mlango wa kutokea ni upi, na wa pili ni upi? Sikiliza maelekezo, na usipoelewa muulize baharia. Mfunge mtoto boya lake kabla ya kutoka nje, na likiwa kubwa omba la saizi yake.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: ukiona watu wamekaa kwenye ngazi, mizigo imeziba mlango, na bado wanapandishwa, shuka. Usiangalie nauli. Usiangalie shangazi anakunja uso. Boti nyingi za sasa viti vyake vimehesabiwa, lakini macho yako yasilale kwa sababu hiyo.

"Wachaga watufundishe bahari?"

Tunajua swali hili linakuja kutoka visiwani. Jibu letu ni hili. Ninyi mliizaliwa bahari ikiwa mlangoni, sisi tumezaliwa mlima ukiwa mlangoni. Boti tunazopandia zinaitwa Kilimanjaro, lakini jina la mlima wetu halitufundishi kuogelea. Kwa hiyo sisi ndio tunaopanda bila kujua, na ninyi ndio mnaotupokea. Tena waliopotea Nungwi wengi walikuwa watu wa visiwani. Mazoea hayakuwaokoa.

Basi tunawataka masomo na makungwi: mnapomweka ndani bi harusi, mkimsinga na kumpaka liwa, mwekeeni jioni moja ya safari. Mvalisheni boya akiwa na buibui lake, afunge na kufungua mwenyewe mpaka azoee. Akina mama, mpeni binti yenu kitambulisho chake mkononi. Bwana harusi, mahari umetoa, ahsante. Sasa hakikisha jina lake limeandikwa sawasawa kwenye tiketi, maana unayemleta kwenu ni mtu, si sanduku.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu kheri, awarehemu waliotangulia baharini na ziwani, na awape subira waliobaki. Aamiin.