Usimlipie tu mtoto masomo ya muziki, jifunze naye

Kama una mtoto aliye Gredi ya 4 au ya 5, ama una mdogo wako aliye huko, basi ile filimbi ya plastiki unaijua. Mtaala wa CBC umeileta hadi sebuleni. Unaijua pia sauti yake saa mbili usiku, wewe umetoka kazini umechoka, jirani wa juu ameanza kugonga sakafu. Katika nyumba nyingi hapo amri ni moja: "Weka hiyo kitu kando, usome!" Kana kwamba kupuliza filimbi si kusoma.

Mimi nakuambia ichukue. Ipanguse mdomo, kisha ujaribu kupuliza wewe mwenyewe.

Wazazi wengi wa rika letu, tukipata pesa kidogo, tunadhani kazi yetu ni kulipa. Unamtafutia mtoto mwalimu wa piano, unatuma pesa kwa M-Pesa, unamwacha mlangoni, halafu unarudi kukaa kwa gari ukipekua TikTok. Saa ikiisha unauliza, "Umefunzwa nini leo?" Anakujibu, "Hakuna." Mwaka ukikatika unataka cheti cha ABRSM, ile mitihani ya Waingereza yenye daraja la 1 hadi la 8, ndio upate kitu cha kuposti. (Mimi niliacha chuo, kwa hiyo kwa mambo ya vyeti nisamehe tu.) Mtoto naye si mjinga. Anaona muziki ni kitu ambacho wakubwa wananunua lakini hawakitaki wenyewe.

Mjapani mmoja aitwaye Shinichi Suzuki aliliona jambo hili zamani. Alikuwa mwalimu wa fidla, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaanza kufunza watoto katika mji wa Matsumoto. Hoja yake ilikuwa rahisi: kila mtoto wa Japani anaongea Kijapani bila shida, kwa sababu anakisikia nyumbani kutwa kucha. Basi muziki ufunzwe vivyo hivyo. Kwa hiyo alitaka mzazi ndiye aanze kujifunza fidla, acheze wimbo wa kwanza, mtoto akitazama tu hadi atamani mwenyewe. Fikiria hiyo. Mtoto anaomba apewe zamu, badala ya kusukumwa.

Utasema hayo ni ya watu wa Karen na Lavington. Lakini Ghetto Classics inafunza watoto muziki kule Korogocho, karibu na jaa la Dandora, tangu 2008. Na filimbi tunayoizungumzia tayari iko nyumbani kwako, ulishainunua ukilalamika.

Sasa ikoje? Mkono wa kushoto unakaa juu. Nota ya B ni kidole gumba nyuma na cha shahada mbele, basi. Ongeza cha kati upate A. Ongeza cha pete upate G. Pumzi iwe ndogo, kama unapoza chai. Ukipuliza kwa nguvu itakupigia mbinja. Mtoto wako anayajua haya tayari, kwa hiyo mwache akufunze. Atafurahi vibaya sana. Mkifika C ya chini, inayotaka matundu yote yazibwe, vidole vyake vidogo vitahangaika na vyako vitafika, na hapo itakuwa zamu yako kumsaidia.

Na hapa ndipo kwenye maana yenyewe. Mazungumzo yetu na watoto mjini yamekuwa kama ripoti ya polisi. Umekula? Umeoga? Ulipata ngapi? Sisi wenyewe tulilelewa na watu ambao hawakuwahi kukosea mbele yetu, ndio maana wengi wetu tukishindwa na kitu mara ya kwanza tunakiacha na kuficha. Mtoto anayemwona mamake akikosa nota moja mara 9, akicheka, akirudia, anapata somo ambalo mwalimu wa kulipwa hawezi kumpa.

Wakati hakuna, najua. Kuna mtu anatoka Marikiti na mboga kabla jua halijachomoza, mwingine anafanya zamu ya usiku Industrial Area. Siwaambii kila siku. Dakika 15 za Jumapili zinatosha kuanza. Ila ukikaa hapo usigeuke msimamizi. Ukishaanza "keti vizuri, rudia, makini", umeharibu; wewe pia ni mwanafunzi.

Na wewe ambaye huna mtoto usidhani umepona. Mathe wako wa kwaya ameimba alto miaka mingi na anasoma solfa bila wasiwasi, lakini wewe unalipia programu ya simu ikufunze kuimba. Mzee wako naye, yule mnayesalimiana na kunyamaza, anasikiliza benga na rumba kila wikendi. Siku moja keti karibu naye umwombe akuonyeshe gitaa la solo linaingia wapi, na la ridhimu linafanya nini chini yake. Ataongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Mkifika hapo, tafuteni gitaa la mtumba, mchange nusu kwa nusu.