Zimwi Likujualo

Mwezi huu naomba tuweke pembeni maua na mishumaa, tuongelee maiti. Ndiyo, maiti! Tena zile zinazofumuka kaburini usiku wa manane kwenda kumdai aliyezizika.

Nazungumzia magazeti ya katuni za kutisha yaliyoanza kutoka Marekani mwaka 1950, kazi ya kampuni ya EC ya New York. Yalikuwa matatu: Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Bei senti 10, na ndani kwa kawaida visa vinne vifupi, kila kimoja na mwisho wake. Bosi, William Gaines, alirithi kampuni baada ya baba yake kufa ajalini mwaka 1947, na visa vingi alivibuni pamoja na mhariri wake, Al Feldstein. Siku hizi vimekusanywa kwenye vitabu, na mume wangu, Baba Junior, ni mgonjwa wa vitabu hivyo. Kila Ijumaa usiku tunazima TV, tunasoma kisa kimoja, halafu tunabishana.

Utaniuliza, utamu uko wapi? Kwanza ni wasimuliaji: Crypt-Keeper, Vault-Keeper na Old Witch, wazee watatu wa kutisha wanaokukaribisha kwa utani, wanaochambana wao kwa wao, na wanaocheka wakati wewe umeshika shuka. Pili ni wachoraji. Graham Ingels alichora maiti iliyooza mpaka unataka kuziba pua. Johnny Craig alikuwa kinyume chake: watu wake wamependeza, nyumba zao zimetulia, na hapo ndipo damu inapomwagika.

Tatu, na hili ndilo letu mimi na wewe, visa vingi vinaanzia kwenye ndoa. Kuna kimoja cha Craig cha mwaka 1954, ...And All Through the House. Mke anamuua mumewe mkesha wa Krismasi. Mara anagundua nje kuna kichaa muuaji aliyetoroka, amevaa nguo za Santa. Polisi hawezi kuwaita, maana maiti ya mume bado iko ndani! Anahangaika kufunga milango na madirisha yote. Halafu binti yake mdogo, kwa furaha zote, anamfungulia Santa. Mchimba kisima kaingia mwenyewe.

Waswahili tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa jamaa hawakukubaliana na hilo. Kwao anayekujua ndiye anayekumaliza. Jini au maiti huja mwishoni tu kukusanya deni. Kabla yake kuna siri, pesa na dharau za mezani. Ndiyo maana visa hivi vinatufungua midomo. Ijumaa moja, tulipomaliza kisa cha mume mficha pesa, Baba Junior alikaa kimya, kisha akaniambia mwenyewe kuhusu mkopo aliomdhamini rafiki yake. Nilinuna, sikatai. Lakini nilijua kabla barua ya benki haijanijulisha.

Tatizo sasa ni Junior. Ana miaka tisa na ameanza kulivizia kabati.

“Mwache asome, mke wangu. Akiogopa si atatuambia?”

“Na asipotuambia?”

Ubishi wetu huu uliwahi kufika Seneti ya Marekani. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu akidai katuni zinaharibu watoto. Aprili 21 mwaka huo Gaines alihojiwa mbele ya kamati ya Seneti. Akaonyeshwa jalada lake mwenyewe, mwanaume kashika shoka na kichwa cha mwanamke, akaulizwa kama hilo ni jambo la staha. Akajibu ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha. Jibu hilo lilimponza. Mwaka huohuo wachapishaji walijiwekea kanuni zilizokataza hata neno “horror” kwenye jina la gazeti, na Gaines akayafunga magazeti yake yote matatu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, mtafiti Carol Tilley alichapisha ushahidi kwamba Wertham alichakachua maelezo ya watoto aliowahoji.

Baba Junior huo ndio ushindi wake. Mimi bado sijasalimu amri. Daktari kuchakachua ushahidi hakumfanyi mwanangu wa miaka tisa awe tayari kuona mke akimtwanga mume. Kwa hiyo vitabu vimepanda rafu ya juu, ila havitupwi. Siku yake ikifika atasoma akiwa amekaa katikati yetu, aulize anachotaka.

Na nyinyi wawili, jaribuni. Kisa kimoja, Ijumaa moja. Mkimaliza, kila mtu aseme ni wapi pale mambo yalipoanza kuharibika, kabla ya maiti kuamka. Mtashangaa mtakachosikia.

Tukutane mwezi ujao. Taa msizime zote!