Mlima Usio na Mtu

Tunaipinga picha ambayo sharika zetu hupenda kuichora nyuma ya madhabahu: mlima wenye theluji, mto chini yake, swala wawili wakinywa maji, na mtu hayupo. Hata huku pwani ya Lindi na Kilwa, tusikoijua theluji, mchoraji huagizwa atuletee Kilimanjaro. Waumini huitazama kila Jumapili na kujifunza kwamba kazi ya Mungu hupendeza pale sisi tusipokuwapo.

Fundisho hilo halimo katika Biblia. Mwanzo 2:15 inamweka mtu bustanini ailime na kuitunza, tena kabla hajatenda dhambi.

Wapo wanaojibu kwa kumsimamisha mtu kileleni, bwana wa vyote. Mlutheri mwenzetu wa Ujerumani, Caspar David Friedrich, alichora hivyo yapata mwaka 1818: mtu juu ya mwamba, ukungu chini ya miguu yake. Wengine humwona mnyenyekevu yule. Sisi tunaona koti lake likituzibia milima.

Nasi tunacho kilima cha kufundishia. Tendaguru, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kilihifadhi mifupa ya dinosauri walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Anayehubiri kwamba kila kiumbe kiliumbwa kimtumikie mwanadamu, atuambie wale walimtumikia nani.

Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbua mifupa hiyo. Tuseme kweli: waliochimba ni wenyeji, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba zaidi ya tani 200 kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Wageni humkodolea macho yeye. Mpagazi nani anamwuliza?

Mchina Fan Kuan, miaka elfu moja hivi iliyopita, aliijaza hariri kwa mlima mmoja mkubwa mno, lakini chini kabisa akaweka msafara wa wanyama wa mizigo na watu wao, wadogo kama sisimizi. Hakuwaacha.

Basi usharika utakaomwita mchoraji umpe kazi hiyo: Tendaguru, miti yake, na chini njia ya kwenda bandarini, watu na mizigo vichwani. Wawe wadogo, hatukatai, ila wahesabike. Kopo la rangi nyeupe libaki dukani.