Ndege zikikaribiana angani, nani huambia nani apande? Na mbona mashine hunyamaza?

Ile ajali ya Washington ya Januari 29, 2025 uliiona kwenye simu kama sisi wote. Ndege ya abiria ilikuwa inatua uwanja wa Reagan, helikopta ya jeshi ikakatiza njia, zikagongana juu ya mto Potomac. Watu 67 wakafa, hakuna aliyepona. Swali lililozunguka mitandaoni lilikuwa moja: si ndege za siku hizi ziko na mtambo wa kuonya?

Ziko nao. Na usiku ule mtambo uliongea. Kama sekunde 20 kabla ya kugongana, marubani walisikia sauti ikisema "Traffic, traffic", yaani kuna ndege nyingine karibu, itafuteni. Baada ya hapo haikuwaambia wapande wala washuke.

Huo ukimya ndio nataka tuuelewe leo, manake unatuhusu hata sisi tunaoishi chini ya ndege za Wilson.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi?

Inaitwa TCAS. Sahau kwanza ile picha ya rada inayozunguka kwenye sinema. TCAS haitafuti ndege kwa macho. Inauliza. Kila sekunde hivi hutuma mawimbi ya redio kwa masafa ya megahezi 1030, kama kanga anayeita stejini: nani yuko hapa? Ndege yoyote iliyo karibu na yenye transponda, kile kifaa cha kujibu, hujibu kwa megahezi 1090 na kutaja urefu wake kutoka usawa wa bahari. TCAS hupima jibu limechukua muda gani kufika, ikajua umbali. Ikilinganisha majibu kadhaa, inajua kama mnakaribiana, na kwa kasi gani.

Sasa sikia hapa, ndio penye utamu. Mashine haijali sana mko kilomita ngapi. Inajali mmebakisha sekunde ngapi. Chukua ndege mbili zinazoelekeana uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 800 kwa saa. Zinakaribiana kwa zaidi ya mita 400 kila sekunde. Zikiwa bado kilomita 11 kutoka kwa nyingine, zimebakisha kama sekunde 25 tu. Jicho la binadamu kwa umbali huo linaona nukta, kama linaona chochote.

Kwa hivyo onyo huja kwa hatua mbili. Ya kwanza huja kati ya sekunde 20 na 48 kabla ya kukutana, kutegemea mko juu kiasi gani. Kwenye skrini ndege ile nyingine hugeuka duara la manjano na sauti husema "Traffic, traffic". Hapo rubani hageuzi ndege, anatafuta tu na kujiweka tayari. Hatari ikizidi, kati ya sekunde 15 na 35, duara linakuwa mraba mwekundu na sauti inatoa amri: "Climb, climb", panda, au "Descend, descend", shuka. Rubani anatakiwa kuwa ameanza kutii ndani ya sekunde 5. Mambo yakitulia husikia "Clear of conflict", na anarudi kwa njia yake.

Kama ndege zote mbili ziko na TCAS, mashine huelewana kwanza. Moja ikichagua kupanda, inaiambia mwenzake ashuke. Si kama wale watu wawili kwenye vichochoro vya Gikomba, wote wanahepa upande mmoja mpaka wanagongana.

Mashine inasema panda, binadamu anasema shuka

Hii teknolojia haikuzaliwa kwa sababu mtu alikuwa na wazo poa. Ililetwa na maiti. Mwaka wa 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, watu 128 wakafa. Mwaka wa 1986 ikatokea tena Cerritos, California, watu 82. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulazimisha mashirika ya ndege kuweka TCAS. India nayo ilisubiri mpaka Novemba 12, 1996, ndege mbili zisizo na mtambo huo zilipogongana karibu na Delhi na kuua watu 349. Hakuna mgongano wa angani uliowahi kuua watu wengi kuliko huo.

Lakini kuwa na mashine ni jambo moja, kujua umsikize nani ni lingine. Usiku wa Julai 1, 2002, juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, ndege ya Urusi iliyobeba watoto wengi wa shule na ndege ya mizigo ya DHL zilikuwa zinaelekea sehemu moja kwa urefu mmoja, futi 36,000. Mwelekezi wa ndege aliyekuwa zamu kule Zürich alikuwa peke yake, akihudumia skrini mbili, mwenzake ameenda kupumzika. Alipogundua hatari aliiambia ndege ya Urusi ishuke. Sekunde chache baadaye TCAS ikawaambia marubani wa ndege hiyo wapande. Walimtii binadamu, wakashuka. Marubani wa DHL walitii mashine yao, iliyosema shuka. Zote mbili zikashuka. Watu 71 walikufa.

Na onyo lilikuwa limeshatolewa mwaka mmoja na nusu kabla. Januari 2001, Japan, ndege mbili za shirika la Japan Airlines zilifanyiwa karibu kitu hicho hicho. Zilipishana kwa bahati, watu kama 100 wakajeruhiwa. Dunia haikubadilisha sheria haraka. Baada ya Überlingen ndipo ikawekwa wazi kabisa: mashine ikitoa amri ya kupanda au kushuka, rubani anaitii, hata kama mwelekezi anasema kinyume.

Basi kwa nini ilinyamaza Washington?

Kwa sababu iliundwa inyamaze. Ndege ikiwa chini ya futi 1,000 hivi kutoka ardhini, TCAS haitoi amri. Na ukifikiria, ina maana. Huwezi kuamuru ndege ishuke ikiwa chini kwake ni nyumba za watu. Halafu karibu na uwanja kuna ndege kila mahali: nyingine zinatua, nyingine zinapaa, nyingine zimesimama. Mashine ingepiga kelele mfululizo mpaka marubani waizoee na kuipuuza, vile sisi tumezoea ving'ora vya magari usiku.

Ndege na helikopta za Washington ziligongana zikiwa futi 300 hivi. Mashine ilifanya kile iliundwa kufanya, na bado watu walikufa. Ndiyo maana usidanganyike na wale wanaosema "teknolojia ilifeli". TCAS ni wavu wa mwisho. Swali la maana ni nani aliyetoboa nyavu zilizo juu yake.

Na zilikuwa zimetoboka kitambo. Wachunguzi wa Marekani walipofungua rekodi za uwanja huo za kutoka Oktoba 2021 hadi Desemba 2024, walipata visa 85 ambapo ndege ya abiria na helikopta zilikaribiana chini ya futi 1,500 kwa upande na chini ya futi 200 kwa urefu. Visa 85! Data ilikuwa kwenye kompyuta za serikali. Njia ya helikopta ilibaki pale pale, chini ya njia ya ndege zinazotua. Helikopta yenyewe usiku ule haikuwa ikitangaza mahali ilipo kwa ule mfumo mpya wa ADS-B, ambao ndio huo huo app kama Flightradar24 hutumia kukuonyesha ndege ya shangazi yako imefika wapi.

Na hapa kwetu?

Asubuhi ya Machi 5, 2024, ndege ya Safarilink aina ya Dash 8 iliyokuwa na watu 44 ikielekea Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi Wilson salama. Cessna iliangukia Mbuga ya Nairobi na wawili waliokuwa ndani wakafa.

Angalia anga letu. Mji mmoja una JKIA, Wilson na kambi ya jeshi la anga ya Moi pale Eastleigh. Wilson peke yake inahudumia ndege za watalii, Flying Doctors na shule za urubani, ambako vijana wa rika letu hujifunzia kwa pesa ambazo familia zimeuza shamba kuzipata. Ndege ya tani moja na ndege ya watu 40 zinatumia hewa ile ile.

Sheria za kimataifa zinataka mtambo huu kwa ndege za injini ya tabo zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19. Cessna 172 haimo hapo. Kwa hivyo ndege kubwa huuliza, ndogo hujibu tu, kama transponda yake iko na imewashwa. Ikizimwa, kwa TCAS ndege hiyo haipo. Na zote mbili zikiwa chini karibu na uwanja, tayari unajua mashine hutoa nini: onyo la kwanza, basi.

Kwa hivyo siku nyingine ajali ikitokea na kila mtu akaanza kubishana kuhusu rubani, wewe uliza maswali haya. Transponda zote zilikuwa zinajibu? Njia za wanafunzi na njia za ndege za abiria zimetenganishwa kwa urefu gani? Mwelekezi alikuwa anahudumia ndege ngapi peke yake? Na visa vya kukoswakoswa vilivyotokea kabla vinahesabiwa wapi, na nani anavisoma?

Hilo la mwisho ndilo zito. Washington ilikuwa na hesabu yake, visa 85, na hakuna aliyehamisha njia ya helikopta mpaka watu 67 walipokufa. Sisi ya Wilson tunaweza kuidai sasa, kabla ya ajali nyingine.