Kabla ya Kushusha Giaboksi

Katika ukurasa wetu huu tumezoea kuzungumza juu ya jiko, watoto na mfuko wa nyumba. Safari hii tutazungumza juu ya klachi ya gari. Msicheke wala msigeuze ukurasa, maana jambo hili nalo limeanzia kwenye mfuko wa nyumba.

Mama mmoja wa pwani alituandikia barua yenye machozi. Baba mkwe wake alipofariki alimwachia mumewe gari la zamani la spoti, Datsun 240Z, lile la pua ndefu na viti viwili tu. Kwa miaka mitatu lilikaa uani chini ya turubai. Sasa binti yao mkubwa anaolewa, na baba mtu amenuia kumpeleka kanisani ndani ya gari la babu yake, wao wawili peke yao. Injini iliwaka bila taabu, lakini gia zilikataa kuingia, na ya kurudi nyuma ikalia kama msumeno unaokata bati. Fundi akasema giaboksi ishushwe na klachi ibadilishwe yote. Bei aliyotaja ilikaribia ada ya vijana wao wawili walioko shule. Mume akataka kulipa, mke akakataa. Kwa siku nne hawakusemezana ila salamu na "chakula tayari".

Kwanza tulimwomba mama huyu asilidharau gari lile kuwa ni bati kuukuu. Wazee wengi wa nchi zetu walisimama kando ya barabara, vumbi hadi kwenye kope, wakitazama mashindano ya Safari Rally yaliyoanza mwaka 1953. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller, na ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mtu aliyenunua gari la namna hiyo alinunua fahari. Mwanawe anapoligusa, anamgusa baba yake. Ukilijua hilo, hata sauti ya kukataa huwa ya upole.

Pili, tulimweleza kwamba hatuwezi kuhukumu gari tusilolikagua, wala hatusemi fundi yule ni mwongo. Gari lililolala miaka mitatu kwenye hewa ya bahari laweza kweli kuwa na ugonjwa ndani, hata sahani ya klachi ikashikwa na kutu mahali pake. Lakini yako maradhi mengine ya klachi yanayokaa nje, ambayo hayahitaji giaboksi kushushwa. Dalili zake hufanana, na gharama zake ni mbali kama mbingu na nchi. Kazi ni kuyatenganisha kabla fedha haijatoka.

Hebu tuelewe inavyofanya kazi. Chukua mabomba mawili ya sindano, yasiyo na sindano zake, uyaunganishe kwa mrija uliojaa maji. Ukisukuma moja, la pili linasogea. Ndivyo ilivyo klachi ya mafuta. Mguu unakanyaga pedali, pedali inasukuma pampu ya juu, ambayo mafundi huiita masta. Mafuta yanapita kwenye bomba hadi pampu ya chini iliyo kando ya giaboksi. Hiyo nayo inasukuma kijiti, kijiti kinasukuma mkono wa klachi, na injini inaachana na gia kwa muda ili gia iingie. Sasa tia hewa kidogo katika ule mrija. Utasukuma bomba la kwanza, hewa itabonyea, na la pili halitasogea sawasawa. Tena, mpira wa ndani ukichakaa, maji yataupita na nguvu itapotea njiani.

Basi tulimwandikia maswali, tukamwomba wayajibu pamoja yeye na mumewe, kwa sababu kipimo cha mwisho chahitaji watu wawili. Tunayaandika hapa kwa faida ya wote. Injini izimwe, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe mawe mbele na nyuma.

Swali la kwanza: kopo la mafuta lina nini? Fungueni bonneti, mtazame upande wa dereva karibu na kioo. Katika Datsun 240Z klachi ina kopo lake dogo, mbali na yale mawili ya breki. Mafuta safi ni meupe au ya njano hafifu. Yakiwa meusi au ya rangi ya chai, yamezeeka. Yakipungua, yamekwenda mahali, maana mafuta haya hayaishi kama petroli. Yatafuteni.

Swali la pili: pedali inasemaje? Ikanyageni polepole. Ikiwa laini kama sifongo, kisha ikapata nguvu mkiikanyaga mara tatu mfululizo, shukuni hewa, au mpira wa pampu ya juu. Halafu ikanyageni hadi iwe nzito, mwiache mguu hapo dakika moja bila kuongeza nguvu. Ikizama taratibu, na hakuna tone lililoanguka popote, mafuta yanapita pembeni mwa mpira ndani ya pampu ya juu. Ikiwa inakataa kurudi upesi, tazameni ule mpira mrefu unaoleta mafuta kwenye pampu ya chini. Mipira ya zamani huvimba ndani na kuziba njia, ingawa nje yaonekana mizima.

Swali la tatu: wapi pana unyevu? Inama chini ya dashibodi, ushike kijiti kinachotoka kwenye pedali kuingia pampu ya juu. Kidole kikitoka na utelezi, au zulia likiwa limelowa na rangi ya bati chini yake kubabuka, pampu hiyo inavuja. Kisha kaguweni kifuniko cha mpira cha pampu ya chini. Hapa twaonya kwa nguvu: mtu asilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumieni stendi imara au shimo la gereji.

Swali la nne ndilo kubwa. Mmoja akanyage pedali hadi mwisho, mwingine atazame kile kijiti cha pampu ya chini. Katika magari mengi ya aina hii chatakiwa kisogee sentimita moja na zaidi kidogo. Kikisogea vizuri na gia bado zinalia, basi ugonjwa uko ndani: uma, beringi, au sahani iliyoshikwa na kutu. Hapo fundi amesema kweli, na giaboksi ishushwe. Lakini kikisogea kidogo tu, nguvu inapotea kwenye mafuta. Kushusha giaboksi kwa ugonjwa huo ni kumpasua mgonjwa tumbo hali anaumwa jino.

Baada ya wiki tatu barua ya pili ilifika. Mama alikaa kwenye kiti cha dereva, mumewe akaingia kwenye shimo la gereji na tochi. Kijiti hakikusogea hata nusu sentimita. Pedali ilizama mguuni mwake kama mguu unaoingia matopeni. Walipoinua zulia wakakuta rangi imebabuka. Pampu ya juu ilikuwa imekwisha, na fundi yule yule, alipoonyeshwa, alikubali bila ubishi. Walipoifungua wakaona kuta zake za ndani zimeliwa na kutu, kwa hiyo mipira mipya peke yake isingefaa. Walinunua pampu nzima, wakabadilisha na mipira ya pampu ya chini.

Kilichobaki ni kutoa hewa. Kopo likajazwa, mrija ukavikwa kwenye nipeli ya pampu ya chini, ncha yake ya pili ikazamishwa ndani ya chupa yenye mafuta safi. Mama akakanyaga, mume akafungua nipeli, mapovu yakatoka. Mume akafunga kwanza, ndipo mama akaachia pedali. Mkiachia kabla ya kufunga, hewa hurudi yote. Wakarudia hivyo hadi mapovu yakaisha, wakiongeza mafuta ili kopo lisikauke. Mama asema ile "kanyaga", "achia", "kanyaga" ndiyo maneno mengi zaidi waliyosemezana tangu ugomvi uanze, na kufikia mwisho walikuwa wanacheka. Gia ya nyuma iliingia kimya.

Tunaongeza mambo matatu ambayo mama wa nyumba hana budi kuyashika.

La kwanza, mafuta yanayotumika ni ya breki, ya daraja lililoandikwa na watengenezaji wa gari. Msitie kamwe mafuta ya injini, kwani huvimbisha mipira na kuiharibu yote. Yakimwagikia rangi ya gari, yaosheni kwa maji mara moja.

La pili, mafuta haya ni sumu. Rangi yake yaweza kumdanganya mtoto. Msiyahifadhi katika chupa ya soda au ya maji, hata kwa usiku mmoja. Tena, chombo kilichokaa wazi muda mrefu kisitumike, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ndio unaoleta kutu kwenye pampu.

La tatu ndilo lililotufanya tuandike barua ya haraka kwa mama yule. Breki za gari hilo hutumia mafuta ya aina ile ile na mipira ya namna ile ile, nazo zililala miaka ile ile mitatu. Klachi ikifa, utabaki njiani. Breki ikifa, hatujui utafika wapi. Tuliwasihi wasimpandishe bibi arusi mpaka breki zote nne zimefunguliwa na kukaguliwa. Walizifungua, wakakuta pampu ya gurudumu moja la nyuma inavuja ndani kwa ndani. Sehemu ya fedha waliyookoa ikaenda huko, na ada ya vijana ikabaki mahali pake.

Mama huyo ameandika kwamba kwa siku zile nne alidhani mumewe anapenda gari kuliko watoto, na mumewe alidhani mkewe hamheshimu marehemu baba. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Nasi twawaomba, wapendwa: nyumbani kwenu jambo likianza kulia kama gia isiyoingia, kaeni wawili, mmoja akanyage, mwingine aangalie, ndipo mseme ugonjwa uko wapi.

Harusi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tuwaombee safari njema.