KOTI LA MITUMBA MSIKITINI



Ndugu zangu, kuna kijana hapa mtaani alikuja Ijumaa na kanzu, juu yake koti la kijivu la kizamani, kola pana. Alilitafuta mwenyewe kwenye mitumba ya Karume, lifanane na la babu yake pichani. Mzee mmoja akamwambia mbele za watu: "Hiyo kafa ulaya, nguo ya kafiri, swala yako ina shaka." Ijumaa iliyofuata kijana hakuonekana.

Mzee wangu, hukumu hiyo umeitoa wapi? Asili ya nguo ni twahara mpaka uione najisi. Fua, vaa, swali. Mtume (s.a.w.) katika safari ya Tabuk alivaa juba lililotoka Sham, nchi iliyokuwa chini ya Warumi. Mikono yake ilibana hata akatawadha kwa kuitoa kwa chini. Bukhari na Muslim wamelipokea.

Na babu zetu wa pwani, si Idi walivaa kanzu, kofia na koti la kizungu? Kwa babu heshima, kwa mjukuu uhuni?

Kijana, na wewe sikia. Kupendeza si dhambi, ila usivae ili watu wakugeukie. Vazi la umaarufu tumeonywa nalo. Usirundike makoti kumi kwa kuwa ni rahisi. Shati la hariri safi waachie dada zako, hata liuzwe bei ya kutupa.

Anayemjua amfikishie: Ijumaa hii aje, na koti lake.